Mama Amenirudishia Beseni la Unga

Jumapili, Februari 2009. Joto la kaskazi, hata upepo umesusa.

Leo nnajisifu. Anayekereka afunge ukurasa.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Jang'ombe kuna dimbwi. Makaro ya vyoo vya mtaa mzima yanavujia humo, na maji yake ni kijani kwa mwani, yananuka kupita kiasi. Mie nafanya kazi maabara ya maji, nkajua kuwa tope la karo likikaushwa, kisha likachomwa ndani ya pipa lisiloingia hewa, hugeuka makaa. Makaa hayo hunyonya ile mbolea inayoulisha mwani. Yaani uchafu uje usafishe ulichoharibu wenyewe.

Basi nkaanza, uani kwetu. Pipa la kwanza sikuliziba vizuri, likatoka jivu tupu. La pili vilevile. Moshi wake, mtaa mzima ulikohoa.

Jirani yetu Bi Zuhura akanipa jina: Bi Karo. Analiita kwa sauti, juu ya ukuta.

Hilo halikuniuma. Lililoniuma ni la Mama.

Tangu utoto mie ndiye mkandaji wa maandazi ya nyumba hii. Siku Mama aliyoniona na tope mpaka viwikoni, alininyang'anya beseni la unga. "Mikono hiyo hainikandii tena," alisema. Miezi minane! Nkimwambia nshakoga, nshajisugua kwa sabuni, ananijibu najisi ni najisi.

Nakiri hapa: nilitaka makaa yafanye kazi ili nimshinde Mama. Kuufaa mtaa nilikuwaza baadaye.

Pipa la tatu lilitoka makaa meusi, mazuri. Wiki mbili nyuma nilichuja maji ya dimbwi kwa kitambaa nkajaza ndoo mbili. Ya ndoo moja niliyapitisha pia kwenye makaa. Zote nkaziacha juani, pale Mama anapoanika nguo. Kila akishasali Alfajiri nilikuwa namchungulia: anainama, anatazama ndoo hii, anatazama ile, anaondoka kama hakuona kitu.

Leo moja imerudi kijani. Ya makaa inaonesha mpaka mkwaruzo wa chini ya ndoo.

Nilimwambia ukweli: maji haya si ya kunywa wala kutilia udhu, na dimbwi lenyewe bado kijani, hizi ni ndoo mbili tu. Mama akasema "Subhanallah," akaingia ndani.

Kisha akaniita. Naam, Mama!

"Osha mikono mara tatu, uje ukande."

Nimeosha mara saba.

Maandazi yalipoiva Mama alijaza sahani, akampelekea Bi Zuhura ukutani. Alimngoja ale, amalize, ajirambe vidole. Hapo ndipo akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Yamekandwa na Bi Karo wangu."