Samaki wa Qurayyat

Mpendwa Bi Kheiria,

Nnaomba msaada wako na nnauomba mbio mbio, maana barua tuloisubiri miezi kumi na moja imefika Jumamosi, na mpaka leo nshaunguza chapati mbili kwa kuisoma tena na tena. Tume ya madaktari wa jeshi imekubali kumwangalia upya mume wangu, tarehe tumepewa, ni Jumanne, wiki tatu kutoka sasa, na mie furaha imenijaa mpaka nacheka peke yangu jikoni, lakini kuna jambo nimelifanya mwenyewe kwa ulimi wangu, na ndilo litakalotuharibia kila kitu nisipopata mtu wa kunambia nifanyeje.

Mume wangu, hapa gazetini nitamwita Thabit, alikuwa askari huku Maskati. Mwaka 1989 gari la jeshi lilipinduka nao mazoezini, akaumia kichwa, na tokea siku ile anashikwa na kipanda uso, ile Waarabu wanayoiita shaqiqa, si kichwa cha kumeza kidonge ukalala ukaamka mzima, ni nusu ya uso inayopasuka, mwangaza humuumiza, sauti humuumiza, hata harufu ya udi kutoka nyumba ya pili humtapisha, na hukaa hivyo siku nzima, pengine mbili, dirisha nimeliziba kwa blanketi. Alipostaafishwa mwaka 1992 tume ilimpa daraja la chini kabisa la ulemavu, na sababu naijua kwa vile mlango ulikuwa wazi na mie nimekaa nje. Daktari alimuuliza kwa Kiarabu, hali yako? Akajibu, alhamdulillah, bikheri. Akamuuliza, na kichwa? Akajibu, alhamdulillah. Wakaandika hivyo hivyo, na huyo mume wangu kavaa kanzu iliyopigwa pasi na kilemba kakifunga kama anakwenda kuposa, nani angemdhania mgonjwa.

Daraja la chini maana yake lazima afanye kazi, na kazi alopata ni ya kutunza stoo kule mtaa wa Ghala, katikati ya magereji, nyundo na cheche za kuchomelea tokea asubuhi. Mwezi wa Rajabu kichwa kilimshika njiani akirudi na binti yetu Lujain, jicho moja likawa halioni, gari ikapanda ukingo wa barabara ikasimama karibu kugonga mtende. Lujain hakuumia, lakini tokea siku hiyo kila baba yake akichukua ufunguo wa gari mie husimama mlangoni mpaka arudi. Akipata daraja la juu ataacha kazi ile, hatoendesha tena, na atatibiwa na mabingwa. Hilo ndilo ninalolitaka, jengine sitaki.

Sasa nisikilize aibu yangu. Thabit hataki mtu ajue. Anasema mwanamume alovaa magwanda hawezi kuonekana kalala mchana kajifunga taulo usoni. Basi kila akishikwa, na mtu akabisha hodi, mie husema, "Hayupo, kenda Qurayyat kuvua." Wajomba zake wako huko pwani, kwa hivyo watu wakaamini. Halafu nikaona uwongo wenyewe una tundu, mvuvi gani huyo harudi na samaki, basi nikawa nakwenda soko la samaki nanunua nguru, namkatia jirani yangu Wadha kipande, nasema kaleta Thabit. Miaka tisa hiyo, Bi Kheiria. Wadha ameshawasifu samaki wetu mtaa mzima, ati wa Qurayyat watamu kuliko wa sokoni.

Barua ya tume inataka shahidi asiye wa nyumbani, mtu anayemjua tokea jeshini. Alokuwepo siku ya ajali na bado anatutembelea ni mmoja tu, Sleyum, alokuwa mkubwa wake kikosini. Jumatatu akaja. Na saa ile ile Thabit kalala chumba cha nyuma, kashikwa. Nilikuwa nimejipanga kumwambia Sleyum kila kitu, Wallahi, lakini nilipofungua mlango ulimi ukenda wenyewe, "Kenda Qurayyat." Nikamkaribisha, nikamtilia kahawa, nikampa barua. Akaisoma taratibu, akacheka kwa upole, akasema, "Shemegi, Thabit ni ndugu yangu, lakini nitaandika nini? Kila nikija yuko baharini. Mtu anayevua namna hiyo nitamwapia vipi kwamba ni mgonjwa? Nikiulizwa nitasema nilichokiona, na mie sijaona." Akanywa finjani tatu, akaitikisa kuonyesha imemtosha, akaaga.

Nilipoingia chumbani Thabit alikuwa macho, na ukuta wenyewe mwembamba. Akajigeuza upande wa pili, na mpaka leo hajalitaja.

Nimwendee Sleyum kwa siri nimweleze, nimvunjie mume wangu sitara yake? Au nikubali maneno ya binamu yangu Nasr, alokuwa naye jeshini na hajamwona Thabit miaka mingi, lakini anasema yuko tayari kuandika chochote nitakachomtajia? Siku zinakwenda, na furaha hii nnaogopa isije ikanitoka mkononi.

Mie, Mke wa Mvuvi, Ghubra (majina nimeyageuza)

Mke wa Mvuvi,

Hongera kwa barua, na chapati zako Mungu atakulipa nyengine. Nimekusoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka, kwa hivyo usinikasirikie nikikusema. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yako wewe imefika Qurayyat na kurudi, miaka tisa, tena na samaki mkononi. Mwanamke mwenye akili hiyo angeweza kuendesha wizara. Na akili yote hiyo umeitia katika kumficha mgonjwa, hukubakisha hata kijiko cha kumtetea. Mficha maradhi kilio humfichua, bibi, na kilio chenu kilishafika kwenye ule mtende.

Nnajua ulifanya kwa mapenzi. Lakini tusipoteze siku.

Nasr mwambie ahsante, akalale. Ukipeleka uwongo wa pili kuuziba wa kwanza, tume ikaugundua, hata kichwa cha kweli hawatakiamini.

Kwa Sleyum usende kwa siri. Sitara ni ya mumeo, si yako kuifungua nyuma ya mgongo wake. Leo, akiwa mzima, mtengee chai, ukae naye, umuulize neno moja: "Ulimsikia Sleyum?" Alimsikia, mie nakwambia. Anangoja uanze wewe. Akikwambia aibu, muulize kama askari wa kikosi chake angetolewa chini ya gari lile na damu kichwani, yeye angemfundisha kusema bikheri. Na umtaje Lujain. Usilie, usimlaumu, mtaje tu mtoto jina lake, unyamaze.

Halafu hiyo alhamdulillah yake. Kushukuru ni wajibu, na asiache. Lakini shukrani ni ya Mola wake, na daktari kauliza habari ya kichwa. Aseme alhamdulillah, avute pumzi, kisha ajibu swali: kinamshika mara ngapi, kwa muda gani, anatapika au hatapiki, jicho linaona au halioni. Mfanyieni mazoezi nyumbani, wewe uwe daktari. Na Jumanne hiyo omba uingie naye ndani, usikae tena nje ya mlango.

Sasa nikupe zawadi, maana umenifurahisha. Unadhani Sleyum hana ushahidi. Anao zaidi ya mtu yeyote Maskati, ila hajui kwamba anao. Mtu anayekataa kuandika uwongo mbele ya mke wa rafiki yake ndiye shahidi unayemtaka. Akishajua, aandike alichokiona kweli: kwamba siku ya ajali alikuwepo, na kwamba miaka tisa amekuwa akija mlangoni kwenu na rafiki yake hawezi kutoka. Akae akumbuke ni Idi gani, ni msiba gani, ni Ijumaa zipi. Na Wadha vile vile. Mkatie kipande cha nguru mara moja ya mwisho, umwambie umemnunua wapi, umuombe radhi, kisha muulize mwaka huu amekula samaki wa Qurayyat mara ngapi. Kila samaki ni siku moja ya kipanda uso. Ziandike hizo siku, usiongeze hata moja, hazihitaji kuongezwa.

Na Sleyum akija tena, Thabit awe amekaa au amelala, akibisha hodi mfungulie, umwambie: "Yupo."