Mamamkwe Ananiongezea Kinga, Vidole Vinagoma

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimekwama kati ya daktari na mtu ninayempenda kama mama yangu mzazi. Mimi ni msusi, vidole ndiyo kazi yangu, na mwaka jana vilianza kuvimba, nikiamka asubuhi vimekakamaa hata vifungo vya blauzi siwezi, mume wangu ndiye ananifungia huku akinitania kwamba kumbe alioa mtoto mchanga, mpaka daktari akasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili huohuo, akanipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki vya kuituliza, na kweli nikapata nafuu, nikarudi saluni nasuka huku naimba. Sasa mamamkwe. Huyu mama tangu niolewe ananiita “mwanangu”, na aliposikia vidonge vinashusha kinga alishika kichwa: “Kinga ishushwe, halafu homa ikija utaizuia na nini?” Akanunua unga wa kuongeza kinga, ananikorogea kwenye chai, anasimama palepale hadi nimalize, basi nikaona haya, nikaacha vidonge kimyakimya. Juzi nimefika nusu ya kichwa cha bibi harusi vidole vikagoma kabisa, mamamkwe, aliyekuwa amekuja saluni kuniletea chai, akavaa miwani akamalizia yeye, mistari ikaenda kombo, bibi harusi akacheka hadi machozi, lakini tulipobaki wawili mamamkwe alinishika mikono akalia, akasema, “Kesho nakuongezea kijiko.” Nimwambieje bila kumvunja moyo?

Msusi

Msusi, mwanangu, kwanza nikugombeze. Unaachaje dawa kwa sababu ya haya? Ugonjwa huu ukiachiwa unakula viungo kwa ndani, na kilicholika hakirudi. Pigia kliniki simu leo, sema yote, usijirudishie vidonge kwa kubahatisha. Unga huo nao wapelekee wauone. Na kama mnawaza kupata mtoto, waambie mapema, maana baadhi ya dawa hizi hazifai kabisa kwa mimba, ila zipo nyingine.

Mamamkwe wako nimempenda, na swali lake si la kijinga. Dawa hizi kweli zinapunguza makali ya kinga, ndiyo maana unapimwa damu, na ukishikwa na homa unawahi hospitali, hungoji. Lakini kinga yako haijachoka, mama. Imechachamaa, inawapiga wa nyumbani ikidhani ni wezi. Ya nini kuichochea?

Usimhubirie wewe. Ingia naye kwa daktari, aulize mwenyewe na ajibiwe mwenyewe. Kisha mpe kazi, maana mapenzi yake hayawezi kukaa bure: asubuhi akukande vidole kwa maji ya uvuguvugu, na siku ya kidonge akukumbushe. Utaona atakavyokusimamia, utatamani kukimbia!

Mama wa namna hiyo havunjiki moyo kwa kuambiwa ukweli. Atavunjika akigundua ulimficha. Mwambie avae viatu, mnaenda wote.