Chanjo kwenye Barafu ya Samaki

Jumanne

Eti dawa ya mbwa itatia samaki sumu! Sanduku ni langu, barafu nilinunua mimi, na samaki wote walishauzwa Kisumu kabla sijaweka hizo chupa za chanjo za kumletea daktari.

Lakini Mzee Ochieng', mchuuzi mwenzangu, alinipokea hapa Luanda Kotieno kwa kelele, mbele ya watu: "Mama Akinyi, unabeba dawa ya umbwa kwa sanduku ya samaki? Nani atanunua kwako tena?"

"Asiyetaka asinunue," nikamwambia.

Ningefanya nini? Daktari wetu wa mifugo hana friji, na chanjo ikipata joto inaharibika. Kuna virusi vinavyomaliza mbwa ufuo mzima. Wanatapika, wanahara damu, wanakufa. Mbwa wangu, Rafiki, ndiye hulinda omena, dagaa wa ziwani, ikianikwa.

Daktari amemdunga. Hakunificha: huenda virusi vimebadilika, na chanjo isitoshe. Naogopa. Lakini kukaa tu nikingoja...

Jioni Mzee Ochieng' akabisha, kitoto cha mbwa ndani ya koti lake.

"Imebaki?"

Ilibaki moja, kwenye barafu. Nikampa sanduku zima, alibebe mwenyewe mpaka kwa daktari, kupitia sokoni.