Honi ya Kona ya Mtoni

Jumatano, baada ya magharibi

Sikupiga honi. Naandika hapa kwa sababu neno hili mdomoni limenishinda.

Tangu homa hii ya mafua iingie, barabara ya Kilwa imekuwa tupu. Nusu ya madereva wenzangu wako kitandani, soko la Mtoni limefungwa, nami lori nalikimbiza kama barabara ni ya baba yangu. Zamani sikupita kona ya Mtoni bila honi. Wiki hii nikaona, nimpigie nani?

Leo Bi Mwanahawa, mama mzee anayekaa jirani na kona hiyo, alikuwa katikati ya barabara, kabeba majani ya kumfukizia mwanawe mgonjwa. Macho yake hayaoni vizuri, huvuka kwa kusikiliza. Nilikata usukani, lori likampita kwa shibiri moja, naye akaangukia mtaroni. Mkono umevunjika.

Nilipomwinua akasema, "Nisamehe mwanangu. Nilisikiliza honi yako kwanza, kama siku zote. Mafua haya yameniziba masikio."

Nami nikamjibu, "Pole mama, yatazibuka."

Ndivyo nilivyomjibu. Nikampeleka hospitali.

Jioni hii mkwewe kaniletea mihogo ya kunishukuru. Nimeipokea.