Njiwa wa Mbao, Mwanamke wa Nyasi

Dundori, 8 Novemba 1953

Dada yangu Milcah,

Kama kuna mtu Rift Valley hii aliyezaliwa na bahati kunizidi, mlete nimwone, nimpe mkono, kisha nimpite. Lakini salamu kwanza. Hujambo huko Naivasha? Mgongo je, na kufua nguo za watu kutwa nzima? Na huyo mama Vidya unayemfulia, bado anakulisha chapati za pilipili ya kuua ng'ombe? Mimi mzima kabisa, ila mafua, na mafua ya Dundori si ugonjwa, ni kodi.

Sasa sikia. Bwana Kofia aliagiza njiwa wa mbao kutoka kwao Ulaya, sanduku zima. Unawapanga shambani ngano ikishavunwa, njiwa wa kweli wanadhani kuna karamu, wanashuka, unawapiga bunduki. Basi akawapanga. Njiwa wetu wakaja, wakazunguka juu, wakaenda zao. Bwana akatukana mpaka mbwa akajificha. Mimi nikamwambia hawa ni wageni, wana kola nyeupe shingoni kama padri, na njiwa wa huku hajasomea upadri. Wa huku ana wekundu kuzunguka jicho kama mlevi wa Jumapili, na madoa meupe mabawani kama amepepetewa unga. Akanitupia sanduku, akasema haya, wafundishe.

Nikashuka Nakuru kwa Gurdial, yule Singasinga fundi wa malori, akanipa mabaki ya rangi za magari. Hapo nilikosea. Rangi ya gari inang'aa, na njiwa hatui kwenye sufuria. Nikapaka upya, na rangi ikiwa bado mbichi nikaipulizia jivu laini, mng'ao ukafa. Madoa nikayatia kwa ncha ya unyoya. Halafu nikawageuza wote watazame upepo unakotoka, maana hakuna ndege anayekula huku akipulizwa matakoni.

Dada, walishuka kama mvua ya mawe. Bwana alipiga mpaka mtutu ukamchoma kiganja. Mabua ya ngano yakalowa damu. Waliovunjika mabawa walikuwa wakijirusharusha katikati ya wale wa mbao, na kazi yangu ikawa kuwapitia nikiwanyonga shingo. Wa mbao nao walirudi na damu, ikabidi niwaoshe.

Tangu siku hiyo mimi ndiye mkubwa wa ndege hapa. Tena ile siku ya kuchujwa, kutafuta wanaowasaidia watu wa msituni, askari walitupanga wanaume wote wa shamba mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho. Akikutikisia kichwa umekwisha. Watu walichapwa mpaka wakajichafua. Mimi, ambaye kila mtu anajua shemeji yangu yuko msituni, hata kofi sikupigwa. Yule afisa kijana tunayemwita Karoti kwa ajili ya uso wake alisema huyu ni wa njiwa, aende. Nikaenda nikipiga mluzi.

Mume wako Thuo nasikia yu hai huko juu kwenye mianzi. Usilie. Bahati yangu inatutosha sote watatu. Barua zako mpe Gurdial lori lake likipita huko, maana za posta zinasomwa.

Ndugu yako mwenye bahati,
Makokha


Naivasha, 29 Novemba 1953

Makokha mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na nimecheka, kitu ambacho sijafanya tangu Bwana Kofia anifukuze shambani kwa kosa la kuwa mke wa Thuo. Unaendeleaje na hayo mafua? Mimi nina afya, mikono tu imechubuka kwa sabuni. Mama Vidya ni mkali lakini ananipa maziwa, kwa sababu ameona nilichokuwa nikificha. Nina mimba, Makokha. Mtoto ameanza kucheza.

Wewe tangu shuleni ulikuwa ukianguka mtini unasema umeruka. Sitabishana na bahati yako. Nataka jambo moja tu kwako: mtoto huyu amkute baba yake akipumua. Kama una njia ya kumfikishia neno Thuo, mwambie asishuke. Hata akisikia nini, hata akiitwa na nani. Njaa inavumilika. Hapa juzi walilaza vijana wawili kando ya barabara ya reli, wamejaa nzi, na watu wakalazimishwa kupita wakiwatazama. Mmoja hakuwa na mikono.

Asishuke. Hilo tu.

Dada yako,
Milcah


Dundori, 10 Januari 1954

Dada yangu, na sasa mama mtu,

Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa, nisamehe, nimekuwa mtu wa kutafutwa na wakubwa. Hujambo na huyo mchezaji wako tumboni? Akiwa mvulana mpe jina langu, akiwa msichana pia, tutajua la kufanya baadaye. Mimi nimenenepa.

Neno lako kwa Thuo sikupata wa kulipeleka. Walinzi wamejaa njia zote, na mzee Hiram aliyekuwa akipeleka unga huko juu alikamatwa. Walimfunga kamba shingoni wakamkimbiza nyuma ya gari mpaka akashindwa kukimbia. Wanaotoka msituni sasa wamekuwa mifupa, wengine wanatafuna ngozi za viatu. Nikawaza, shemeji yangu akifia kwenye baridi huko, bahati yangu ina kazi gani?

Hapo ndipo Karoti akaja kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amewaona njiwa wangu. Akanionyesha mwanamke aliyetengenezwa na askari wake, gunia limejazwa nyasi, mzigo juu ya kichwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia afande, huyu ni mwanamke wa Mombasa. Wa huku anabeba mgongoni, kamba ya ngozi imepita kwenye paji la uso, na mwili mzima unainama. Wenye njaa wakimwona huyu watakimbia kama njiwa walivyomkimbia padri.

Nilimuuliza waziwazi atawafanya nini watakaoshuka. Akaniapia kwamba ni kufungwa mikono, kulishwa na kupelekwa kizuizini. Kizuizini watu wanaishi, dada. Barua zinafika. Utamwona.

Basi nimeifanya kazi. Nimemtegemeza kwenye mti uliopinda, nikamkunja magoti kama anayepumzika njiani, viazi mgongoni vya kweli. Uso nimeupaka udongo na jivu, haung'ai. Begani nimemlegezea shuka ili upepo umpe pumzi. Na kichwani nimemfunga kile kitambaa chako cha samawati ulichokisahau kwangu, na lile fundo lako la pembeni. Wengine waje kwa viazi, Thuo aje kwa kitambaa. Hata mimi nikimtazama kwa mbali nataka kumwuliza habari za Naivasha.

Jumamosi alfajiri wanamweka kwenye kijito, mianzi inapoanza.

Ndugu yako, fundi wa kila kiumbe,
Makokha


Naivasha, 13 Januari 1954

Makokha,

Salamu baadaye. Ondoa kitambaa changu. Ukisoma hii acha unachofanya, nenda ukaondoe kitambaa changu. Ukishindwa kichome moto, yote, na huyo mwanamke. Wakikupiga wakupige.

Gurdial yuko hapa Naivasha, lakini anasema gari lake limevunjika springi na hawezi kuondoka leo. Nimemlilia mbele za watu.

Milcah


Dundori, 31 Januari 1954

Dada Milcah,

Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani. Natumaini mtoto bado anacheza.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Thuo alikuwa amekufa Jumamosi. Nimekaa siku zote hizi nikianza kuandika na kuacha, lakini afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mtu atakayelipunguza.

Karoti alinilaza pamoja nao kwenye nyasi ndefu ili nione kazi yangu. Kulipopambazuka Thuo alitoka kwenye mianzi peke yake. Alikuwa na ndevu mpaka kifuani, koti la ngozi, mguu mmoja umefungwa matambara. Alisimama muda mrefu. Nilimwomba Mungu, Thuo aone kosa, doa moja tu nililolisahau. Sikuwa nimesahau kitu. Upepo ukalitikisa shuka.

Akasema, "Milcah, ni nani amekuacha uje hapa peke yako?"

Alisema polepole, kama mtu anayegombeza nyumbani. Hakuvitazama viazi. Alitaka kukutua mzigo, aliishika ile kamba ya kwenye paji. Nikainuka nikamwita jina, na sauti yangu na bunduki zikatoka pamoja. Hakuna aliyemwambia anyooshe mikono. Walimpiga tumboni na mapajani, akaanguka naye, yule wa nyasi, amemkumbatia, nyasi zikamtoka huyu na damu huyu. Alikuwa bado anatambaa. Alikuwa anajaribu kumvuta chini ya ukingo wa kijito, amfiche. Karoti akatembea mpaka pale, wala hakuharakisha, akampiga risasi usoni.

Walimburuta kwa gari mpaka barabarani wakamlaza watu wamtazame. Nilienda kumfunika uso kwa kitambaa chako, wakanivunja mbavu kwa kitako cha bunduki, lakini kilibaki. Usiku Wamaitha wa pale shambani na wanawake wenzake walimchukua. Amelala juu ya kijito, upande wa mkuyu mdogo. Jiwe liko. Nitakuonyesha ukikubali kuniona.

Karoti ameagiza mwanamke mwingine wa nyasi. Nimewachoma njiwa wote wa mbao, na brashi zangu, na nimetoroka. Hii naiandikia gerejini kwa Gurdial, chini ya lori.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Siku ile ya kuchujwa Karoti aliniapia kwamba nikijibu maswali sitaguswa. Nikajibu. Halafu wakanifunga kwenye gurudumu wakanichapa viboko hadi nikazirai, na waliponizindua wakaning'oa meno ya mbele. Kwa hiyo aliponiapia mara ya pili nilikijua kiapo chake, na bado nikaifanya kazi.

Bahati niliyokuandikia haikuwapo. Nilikudanganya.

Makokha, ndugu yako