Kaka Swaleh na Ule Mkanda wa Tatu

Kaka Swaleh,

Usinicheke. Wewe ndiye uliyekuwa ukinitania kwamba nikikosa mtu wa kumsema nitausema hata mlango. Haya, leo huna pa kukimbilia, utanisikiliza mpaka mwisho.

Tangu tukuzike, mwezi wa Mfungo Tatu uliopita, banda la video hapa Magogoni limegeuzwa duka la saruji. Kabla ya hapo alijaribu mwalimu mmoja wa bara kukaa pale kwenye kreti yako na kuwafasiria watu filamu. Kiingereza chake safi, lakini hakuna aliyecheka, na wiki ya pili watu hawakuja. Mama bado huteleka maji ya kukukanda viungo. Yakishachemka ndipo anapokumbuka, basi anayafulia nguo.

Nimekuwa nikiiwaza ile mikanda mitatu, ya yule bwana anayerudi nyuma kwa mashine ili auzuie moto ulioteketeza mji wake. Ule wa kwanza uliuharibu, wallahi. Moto ulikuwa uanze saa tatu asubuhi. Yeye alifika saa mbili, ana saa nzima mkononi, na kwa pupa zake za kuuzuia akaipiga kumbo taa ya mafuta, moto ukawaka. Ndiyo maana ya mkanda wote: aliyekuja kuzima ndiye aliyewasha, na hakuna wa kuikwepa kadari. Lakini wewe ulipoiona saa ya ukutani, jicho lilikwama kwenye ile nane ya Kizungu, ukatangaza: "Amefika saa nane!" Banda zima likaguna. Moto wa asubuhi, mtu anakuja saa nane mchana! Watu walishaanza kubishana, lile kumbo la taa hakuna aliyeliona. Mpaka leo, ukimuuliza mtu wa Magogoni kwa nini mji uliungua, atakwambia bwana yule alichelewa.

Nilikusahihisha njiani tukirudi. Ulicheka hadi ukakaa chini, na hukuwarekebisha. "Waache," ulisema. "Aliyechelewa hujaribu tena."

Mkanda wa pili bwana yule alishinda, moto haukuwaka, nawe ukatoka pale unatembea kama huna ugonjwa. Kisha ukaja wa tatu. Jumamosi ile mikono yako ilikuwa imevimba, Mama hakutaka utoke. Mwishoni yule bwana akasema kwamba moto haukuzuilika kamwe, aliuahirisha tu. Nilikuwa kidato cha tatu, nilimwelewa vizuri. Wewe ukanyamaza. Watu wakaanza: "Mkalimani, anasemaje?" Nawe ukajibu, "Anasema kesho tunaanza upya."

Nilikukasirikia sana. Nikakwambia umedanganya watu. Ukasema, "Sikudanganya. Nimekataa."

Nilidhani ni maneno yako tu ya kunikera. Miezi michache baadaye kifua kikakubana, ukaenda. Barazani kila mtu alisema ndivyo ulivyoandikiwa. Siku yako ilifika, hilo silibishi, mimi ni Muislamu. Lakini daktari aliyekutazama alitueleza jambo ambalo wazee hawakutaka kulisikia: ugonjwa wako wa damu ulitoka kwa Baba na kwa Mama, kila mmoja alikuwa na nusu. Mwenye nusu haumwi. Wakioana wawili wenye nusu, mtoto aweza kuupata mzima. Na Baba na Mama ni watoto wa ndugu wawili, kama ilivyo desturi yetu.

Sasa sikiliza. Ami Bakari wa Likoni, nduguye Baba, ameniletea posa ya mwanawe, Athumani. Nampenda, Kaka. Nakwambia wewe tu. Nilimpenda tangu alipokuwa akija kukubeba kukupeleka bafuni, siku ambazo miguu ilikugomea.

Nikamwambia twende tukapimwe damu kwanza. Nyumba nzima ilinigeuka. Shangazi alisema nashindana na Mungu, nikamuuliza mbona yeye hunywa dawa za presha. Akaniambia sina adabu, na kweli siku ile sikuwa nayo. Athumani alikuja kwa shingo upande, lakini alikuja. Majibu tumeyapata juzi. Mimi nina nusu. Yeye ana nusu.

Athumani alilia pale pale nje ya maabara. Kisha akasema, "Tuoane tu, Mwanasha, kama imeandikwa imeandikwa." Karibu nikubali. Niliuona mkono wake nikatamani kuushika. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiuma mto ili Mama asisikie, nikamwambia hapana.

Leo baada ya alasiri nilimpelekea Baba karatasi ya majibu. Nilidhani atanifukuza. Aliisoma, kisha akaniuliza, "Na mimi na mamako tungepimwa?"

Nikamwambia kweli. Wasingeoana.

"Basi Swaleh asingezaliwa."

Wala mimi, nikamjibu.

Akajifuta uso kwa ncha ya kikoi. "Namshukuru Mungu hatukujua," akasema. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Lakini wewe wajua. Ami yako nitamwambia mwenyewe."

Kwa hiyo, Kaka, hata nikipewa ile mashine leo, ule mwaka waliooana wazee wetu siugusi. Nakutaka vile vile ulivyokuwa, na maumivu yako yote, Mungu anisamehe. Ila wale ambao hawajazaliwa sina sababu ya kuwangoja waje waumie ndipo niseme wameandikiwa. Nakuahidi, hakuna mdogo wetu atakayejibiwa posa kabla hajapimwa, hata ikibidi nimburure kwa mkono.

Mola akulaze pema, mkalimani wangu. Athumani ataoa kwengine, inshallah. Nitakwenda Likoni kumpikia pilau ya harusi yake, nami nitalia nikishaosha masufuria.

Nduguyo,
Mwanasha