Ngozi Haijakubali

Jumatatu, Julai 1

Sikukuu ya Nuru, siku Injili ilipofika visiwani. Kisiwa kizima kimekwenda kanisani, ngoma za wenzangu zinalia tangu asubuhi. Mimi nimebaki na ngozi mbichi ya kenge. Nimeiwamba peke yangu, gundi mikononi mpaka viwiko. Kazi ya watu wawili hii!

Kenge kaletwa na Dawita, kaka yake marehemu mke wangu, Maleta. Eti alikwenda mikokoni kuwatazama mamba, akakumbuka kwamba na kenge wamo. Akacheka mwenyewe. Halafu akasema, "Shemeji, mara hii usiichome."

Wote wanalijua la Pasaka. Niliisogeza ngozi ya kwanza karibu mno na moto, ikapasuka — paa! Jiwe la kaburi la Maleta halikufunuliwa. Mpaka leo limefunikwa kitambaa, miezi mitatu. Maleta mwenyewe aliagiza: jiwe langu lisifunuliwe bila ngoma ya mume wangu, Asai. Sasa imepangwa Jumamosi ya tarehe 20.

Alhamisi, Julai 4

Imekauka. Nimeigonga kidogo. Sauti ya boksi la biskuti.

Ngozi mpya haitaki pupa. Vidole ukingoni, polepole, kisha kuisugua kwa kiganja hadi ipate joto, kisha kuiacha. Kesho tena. Ikishalegea ndipo unabandika vitonge vya nta katikati, kimoja kimoja, mpaka sauti ishuke.

Lakini anayepiga haisikii ngoma yake. Yuko juu yake mno. Lazima mtu asimame mbali. Maleta alikuwa akienda hadi ukuta wa bahari, anapiga kelele, "Ongeza nta! Umezidisha! Unapiga ngoma au unatwanga?" Miaka thelathini na nne. Leo nimeupigia ukuta mtupu.

Jumamosi, Julai 6

Nimemwomba Bibi Akati, jirani, akasimame ukutani anisikilizie. Kakubali vizuri, kaenda na kiti chake. Sijainua hata mkono, yeye huyo anapaza sauti: "Nzuri sana, Asai! Hapo hapo usiguse!"

Masikio yake yamekwisha zamani, nilisahau. Nimecheka peke yangu hadi machozi. Nilipogeuka nimwambie Maleta — basi.

Jumapili, Julai 7

Nimempigia simu mwanangu Serai, huko mjini Cairns. Nimeiweka simu kwenye kiti, nikapiga ngoma. "Baba, nasikia kama mtu anabisha hodi." Halafu akaitwa kazini. Atakuja na ndege ya Alhamisi, tarehe 18. Hakuuliza nakula nini. Nami sikumwambia.

Jumanne, Julai 9

Mvua, na si msimu wake. Ngozi imelegea kama shavu la mzee. Sikuigusa. Wali na samaki wa kopo.

Ijumaa, Julai 12

Imekubali!

Jua la saa nne, nikaisugua, nikabandika vitonge vinne, nikapiga mara moja tu. Ilishuka ndani kabisa ya kifua. Sikuhitaji mtu ukutani. Nimeketi nayo mapajani, furaha ikanijaa, na papo hapo nikaona uchungu. Ngoma hii ni ya kwanza ambayo Maleta hajaisikia.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, Julai 15

Dawita kapita na koleo. Wanachimba shimo la kuokea nyama. "Vipi, shemeji?" Nikasema bado. "Kenge gani huyu, mbishi kuliko mwenye nyumba!" Akaenda zake.

Kwa nini nimedanganya? Nitaandika, kwani nani atasoma. Jiwe likifunuliwa, matanga yamekwisha. Watu watacheza, watakula, watakunja mikeka yao. Sasa hivi bado wananiletea chakula, bado wanasema "kwa Maleta." Baada ya Jumamosi hapa patakuwa kwa nani? Kwa Asai na birika lake.

Na la Pasaka pia. Nilijua moto ule ni mkali. Nilijua.

Alhamisi, Julai 18

Serai kafika. Kakonda. Kalala kitandani kwa mama yake mchana kutwa, mlango wazi. Jioni kaichukua ngoma, kaipiga. Mimi nilikwisha kubandika vitonge vitatu vya ziada. "Baba, mbona imeziba?" Unyevu, nikasema. Kaniangalia. Kairudisha pale pale. Nimeona aibu, tena mbele ya mwanangu.

Ijumaa, Julai 19

Saa tatu asubuhi. Dawita kaja, hana utani. Kakaa barazani karibu yangu.

"Shemeji, wageni wa kisiwa cha Boigu wameshashuka. Kasa ameshachinjwa. Niambie kweli. Ngozi imekubali, haijakubali?"

Nikasema haijakubali.

Afadhali angegomba! Hakugomba. Akasema, "Basi piga nisikie mwenyewe. Nakwenda ukutani. Nikisikia boksi, tunaahirisha. Nitasimama mbele ya watu niseme kosa ni langu, nimeleta kenge mbaya. Wewe wasikuguse."

Kisha kainuka. Ndiyo anakwenda sasa, polepole, goti lile la kushoto linamsumbua. Kwa nyuma ni dada yake mtupu. Amemzika yeye, amelinunua jiwe yeye, na sasa anataka kubeba na hili. Serai yuko mlangoni na sufuria mkononi, haingii wala hatoki.

Nimebandua kitonge kimoja. Kalamu inateleza.

Dawita amefika. Amegeuka, mkono sikioni. "Haya, Asai!"

Nimebandua cha pili. Kimebaki kimoja, kimegandia. Ngoja, ndugu yangu. Ngoja kidogo —